Maboresho Endelevu Bila Ruhusa ya Kusema "Simama"

Kuna msamiati mpya umeingia katika warsha zinazofanyika hapa Morogoro, na nadhani wakati umefika wa kuuhoji kabla haujazoeleka kiasi cha kutohojiwa tena. Tunaambiwa kwamba miradi ya kilimo, ya maji na ya hifadhi ya mazingira sasa itaendeshwa kwa mtindo wa "ajaili": timu ndogo, mizunguko mifupi ya kazi, tathmini kila mzunguko unapokamilika, na juu ya yote hayo "maboresho endelevu". Mwezeshaji huchora duara ubaoni lenye mishale minne: panga, tenda, kagua, rekebisha. Washiriki hulinakili duara, hunywa chai, husaini karatasi ya posho, huondoka. Nje ya dirisha la ukumbi milima ya Uluguru imesimama palepale, na ndiyo milima iliyokwisha kutufundisha habari ya duara hilo kwa gharama ya uhai wa mtu.

Sina ugomvi na wazo lenyewe. Februari 2001 watengenezaji 17 wa programu za kompyuta walikutana Snowbird, katika jimbo la Utah nchini Marekani, wakiwa wamechoshwa na mipango minene ambayo hutekelezwa hadi ukurasa wa mwisho hata pale kila mtu anapoona kwamba imepotea njia. Wakaandika tamko fupi. Mojawapo ya kanuni zake ni kwamba timu isimame mara kwa mara, ijitazame, kisha ibadili mwenendo wake. Kabla yao, Wajapani walikuwa wamekwisha kulifanya jambo hilo viwandani na kuliita kaizen. Katika viwanda vya Toyota kulikuwa na kamba iliyopita juu ya vichwa vya wafanyakazi. Mfanyakazi wa kawaida kabisa, akiona kasoro, aliivuta. Msimamizi alikuja mara moja, na kama kasoro haikutatuliwa, mstari mzima wa uzalishaji ulisimama. Kwangu mimi moyo wa kaizen uko katika kamba hiyo. Mambo mengine ni mapambo.

Sisi tumeagiza duara, kamba tumeiacha bandarini. Hilo ndilo dai langu, na nitalitetea kwa historia ya milima hii.

Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilianzisha Mpango wa Matumizi ya Ardhi Uluguru. Waliouanzisha hawakuwa wajinga. Waliona mmomonyoko wa udongo, waliona mito ikibeba tope jekundu kuelekea Ruvu, na walijua kwamba mto huo una watu wengi mbele ya safari yake. Dawa waliyoichagua ilikuwa matuta ya ngazi: kukata mteremko na kuufanya vidaraja bapa, kimoja juu ya kingine. Watu walilazimishwa kuchimba. Aliyekaidi alishitakiwa katika mahakama za wenyeji na kutozwa faini. Mafanikio yalihesabiwa kwa matuta yaliyochimbwa.

Sasa fikiria udongo wenyewe. Katika sehemu nyingi za Uluguru udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba tu la juu. Ukichimba ngazi pana katika mteremko mkali unaufukia udongo mzuri na kuuleta juu ule wa chini, mwekundu, usio na chakula cha mmea. Ungeweza kuurutubisha kwa samadi, lakini Waluguru wengi hawakuwa na ng'ombe. Mkulima aliyechimba kwa jasho lake alivuna mahindi machache kuliko jirani yake ambaye bado hajachimba, na hakuhitaji mtaalamu wa kumweleza hivyo, aliona ghalani. Tena kulikuwa na suala la ardhi yenyewe. Waluguru hurithi ardhi kwa upande wa mama, kupitia ukoo, na wengi walilima mashamba ya ukoo usio wao kwa ruhusa. Mtu anapochimba ngazi za kudumu katika shamba la wengine, je, ngazi ni za nani? Swali hilo halikuwa na nafasi katika taarifa za mpango.

Angalia basi ni kitu gani hasa kilikosekana. Utaalamu ulikuwapo, fedha zilikuwapo, maafisa wa kutembea vijijini walikuwapo. Hata taarifa zilikuwapo, kwa maana malalamiko ya wakulima yalifika kwa machifu na kwa maafisa mwaka baada ya mwaka. Kilichokosekana ni njia yoyote ambayo maneno ya mkulima yangeweza kupitia na kuufanya mpango usimame. Malalamiko yalipofika juu yaligeuka kuwa "ukaidi", na dawa ya ukaidi ni faini. Kila mshale wa lile duara ulikuwapo isipokuwa ule wa mwisho.

Mwezi Julai 1955, pale Matombo, mashariki mwa milima, watu walikusanyika kuyakataa matuta. Mkutano ukageuka ghasia, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akauawa. Baada ya hapo ulazimishaji wa matuta ukaachwa. TANU, ambayo ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, ilipata katika hasira hiyo udongo mzuri wa kupanda mbegu zake Uluguru. Kwa maneno mengine, Waluguru waliivuta kamba. Kwa kuwa hawakupewa ya mkononi, waliivuta kwa miili yao. Kitabu cha Roland Young na Henry Fosbrooke juu ya ardhi na siasa za Waluguru, ambacho kilieleza vizuri mengi ya haya, kilichapishwa mwaka 1960. Maarifa yalifika miaka mitano baada ya maziko.

Ipo sehemu ya kisa hiki ambayo wenzangu wengi huiruka, nayo ndiyo yenye faida zaidi. Upande wa magharibi, Mgeta, matuta ya ngazi hayakufa. Huko kulikuwa na kilimo cha mboga kwa ajili ya soko. Kabichi, viazi, njegere na karoti vililipa, na mkulima ambaye zao lake linalipa anaona sababu ya kubeba mbolea na kuchunga maji. Ukipanda leo kuelekea Nyandira utaziona ngazi hizo zikiwa na kazi. Na kuna mbinu nyingine ambayo wakulima wa Uluguru wanaitumia mpaka leo: hukusanya magugu na majani, huyalaza kwa mistari inayokatiza mteremko, kisha huyafukia kwa udongo wanaoushusha kutoka juu kwa jembe la mkono. Kinapatikana kituta chembamba chenye mbolea ndani yake, bila kuuchimbua ule udongo mwekundu. Watafiti wamekwisha kuipima na kuiandika mbinu hiyo. Ina udhaifu wake, hasa mteremko unapozidi ukali, lakini ni zao la watu waliojaribu, wakaona, wakabadili, msimu baada ya msimu. Kama si hayo maboresho endelevu, basi sijui neno hilo lina maana gani.

Msomaji mwenye haraka ataniambia: huo ulikuwa ukoloni, sisi tuko huru. Naam. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliandika kijitabu ambacho jina lake pekee linatosha kuzifunga warsha hizi zote: Tujisahihishe. Hatukuwa na haja ya kwenda Utah kutafuta neno. Lakini ni nchi hiyohiyo iliyoamua mwaka 1973 kwamba wananchi wote wa vijijini wawe wamehamia katika vijiji vya pamoja ifikapo 1976, na mamilioni wakahamishwa, wengi kwa nguvu, wakati Mwalimu mwenyewe alikuwa amekwisha kuandika kwamba watu hawaendelezwi kwa kulazimishwa. Mwaka 1977 alichapisha tathmini ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, akakiri waziwazi kwamba nchi haijawa ya kijamaa wala ya kujitegemea. Ninaiheshimu sana tathmini ile. Ni viongozi wachache duniani waliowahi kuandika kitu kama hicho wakiwa madarakani. Hata hivyo ilitoka juu, na ilitoka baada ya nyumba kuwa zimekwisha kubomolewa. Mwanakijiji aliyesema mwaka 1974 kwamba kijiji kipya kiko mbali na shamba lake, na kwamba mazao yataliwa na nguruwe, hakuwa na kamba ya kuvuta.

Sasa nije kwenye siku zetu. Miaka michache iliyopita nilialikwa kuwa miongoni mwa watathmini wa mradi mmoja katika vijiji vya mlimani, sitautaja. Mradi ulileta mbegu bora ya maharage. Msimu wa kwanza wakulima walisema katika kikao cha kijiji kwamba mbegu ile inachelewa kukomaa, na kwamba katika baridi na ukungu wa kule juu inashikwa na magonjwa kabla ya kukauka. Kauli hiyo imo katika muhtasari wa kikao; niliusoma. Afisa wa mradi akawajibu kwa upole kwamba mbegu imekwisha kununuliwa kwa misimu mitatu na kwamba badiliko lolote linahitaji idhini ya mfadhili. Msimu wa pili ikagawiwa mbegu ileile. Msimu wa tatu vilevile. Nilipomuuliza bibi mmoja kwa nini shambani kwake siyaoni maharage ya mradi, alicheka, akaniambia, "Mwalimu, hatukuyakataa. Tuliyapokea tukashukuru, tukayapika."

Katika ripoti ya mwisho, chini ya kichwa "Mafunzo Yaliyopatikana", paliandikwa kwamba siku zijazo wakulima washirikishwe katika uchaguzi wa mbegu. Sura hiyo nimeisoma katika ripoti nyingi mno, na maneno yake hayabadiliki: wananchi washirikishwe, mila zizingatiwe, muda uongezwe. Ni sura inayoandikwa wakati fedha zimekwisha, magari yamerudishwa na timu imevunjwa. Funzo linalofika wakati hakuna tena wa kulitumia ni rambirambi. Na mradi uliofuata katika vijiji vile ulikuwa na timu mpya, nembo mpya na, naapa, duara ubaoni.

Hospitali zetu nazo zimepitia njia hiyo. Kwa miaka mingi sasa, kwa msaada wa Wajapani, kuta zimebandikwa maneno matano yanayoanza na herufi S: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Ni mafundisho mazuri, na ipo stoo ya dawa iliyonyooka kwa sababu yake. Lakini nimelitafuta neno la sita, nalo ni Sitisha, sijaliona ukutani. Muuguzi anaruhusiwa kupanga makabati. Je, anaruhusiwa kuuzuia utaratibu ulioamriwa kutoka juu pale anapoona unaumiza wagonjwa? Hilo ndilo swali la kaizen.

Tazama pia lilichopata shamba darasa. Wazo hilo lilianzia katika mashamba ya mpunga ya Indonesia mwaka 1989, nalo lilikuwa la kimapinduzi kwa namna yake: wakulima wenyewe walinganishe vipande viwili vya shamba, wahesabu wadudu kwa macho yao, wabishane, kisha waamue, hata kama uamuzi wao ni kuiacha dawa ambayo bwana shamba anaipendekeza. Sehemu nyingi nilizopita, shamba darasa limekuwa shamba la maonyesho lenye kibao kando ya barabara, mahali ambapo mgeni anaweza kushuka garini bila kuchafua viatu. Mwaka 2022 Serikali iligawa pikipiki kwa maelfu ya maafisa ugani, jambo jema nililolipongeza. Pikipiki humfikisha afisa kwa mkulima. Lakini fomu anayoijaza akirudi ofisini inamtaka ahesabu wakulima aliowafikia, na sijaona safu inayouliza: ni ushauri gani wetu ambao wakulima wameukataa mwezi huu, na tumeubadilishaje?

Nisije nikadhaniwa kwamba namtukuza mkulima kana kwamba hakosei. Anakosea. Moto unaowashwa kusafisha shamba hupanda hadi kwenye msitu, na msitu ule, ambao tangu mwaka 2008 ni hifadhi ya mazingira asilia, hauna mbadala. Februari 1970 dhoruba moja ya masaa machache ilisababisha maporomoko madogomadogo ya ardhi yapatayo elfu moja katika eneo la Mgeta. Wanasayansi walioyachunguza walikuta kwamba karibu yote yalianzia katika mashamba na nyasi, si msituni. Kwa hiyo mabwana shamba wa 1950 hawakukosea walipotambua hatari. Walikuwa na haki kuhusu ugonjwa, wakakosea kuhusu dawa, na kwa kuwa mfumo wao haukuweza kutenganisha mambo hayo mawili, mwananchi aliyeikataa dawa alihesabiwa kuwa anaukana ugonjwa. Mtego huo bado umetegwa. Leo anayehoji namna agizo la kulinda vyanzo vya maji linavyotekelezwa huambiwa hapendi mazingira.

Kama kuna anayetaka kuona jinsi ya kujenga utaratibu unaotarajia kukosea, asiende mbali. Hapahapa katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, tangu mwaka 2000, shirika la Apopo linafundisha panya buku kunusa mabomu ya kutegwa ardhini. Panya akinusa sawasawa husikia mlio mdogo na kupewa kipande cha ndizi papo hapo. Akikosea hapati kitu, na somo linaendelea. Hapelekwi kwenye uwanja wa mabomu mpaka amefaulu mtihani ambao wanaomwongoza hawajui majibu yake. Tangu 2007 panya hawa wanatumika pia katika kifua kikuu: wananusa sampuli za makohozi ambazo kliniki zimekwisha kusema hazina ugonjwa, na zile wanazozitilia shaka hupimwa upya maabara. Kwa njia hiyo wamepatikana wagonjwa wengi waliokuwa wamerudishwa nyumbani. Zingatia kilichokubaliwa hapo. Kliniki imekubali kwamba huenda imekosea, imeruhusu jibu lake likaguliwe na kiumbe kidogo kuliko wote katika mlolongo wa kazi, na iko tayari kumwita mgonjwa tena. Panya buku wa Morogoro ana mamlaka ambayo mkulima wa Morogoro hajapewa.

Jambo hili si la kinadharia. Ujenzi wa bwawa la Kidunda kwenye Mto Ruvu ulianza mwaka 2023, na Dar es Salaam inalisubiri. Mji wetu wenyewe unategemea bwawa la Mindu, na tope linaloingia humo linatoka mashambani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Uluguru ina vijito kila bonde. Chora mita 60 kila upande wa kila kijito katika baadhi ya vijiji, kisha unionyeshe shamba lililobaki. Kwa hiyo mipango itakuja, na itakuja mingi, na wakulima wataombwa, wataamriwa au watalipwa ili wabadili kilimo chao. Kulipwa ni hatua mbele, nakubali. Kule Kibungo Juu, katika mradi wa CARE na WWF, wakulima waliohifadhi ardhi, miongoni mwa mambo mengine kwa kuchimba matuta, walilipwa na watumiaji wa maji wa mbali, yaani DAWASCO na kampuni ya Coca-Cola. Tofauti na 1955 ni kubwa mno, na anayeibeza hajui historia. Ila fedha nazo zinaweza kunyamazisha. Mtu anayelipwa kwa kufuata mbinu fulani ana sababu ya kutosema kwamba mbinu hiyo haifai.

Wafadhili, wizara na sisi watu wa vyuo vikuu tuna mahali pa kuanzia, na pote panaumiza. Mpango wowote wa Uluguru usifunge bajeti yake yote kabla ya msimu wa kwanza wa mavuno. Theluthi yake ibaki bila kazi maalumu mpaka wakulima waseme nini kimefaa. Mkutano wa kijiji upewe, kwa maandishi ndani ya mkataba, uwezo wa kusimamisha shughuli moja mahususi na kudai majibu ndani ya siku kadhaa, bila kusubiri idhini kutoka mji mkuu wa nchi nyingine. Taarifa ya kila robo mwaka ambayo haionyeshi jambo hata moja lililoachwa au kubadilishwa irudishwe kwa mwandishi wake, kwa kuwa ama hakuna aliyesikiliza au hakuna aliyethubutu kusema. Na vyuo vikuu, ambavyo hupandisha vyeo kwa kuhesabu makala, viulize pia kama mtafiti alirudi katika kijiji alikochukua takwimu zake na kuwasomea wenyeji alichokiandika, ili wamwambie wapi amepotoka.

Nitajibiwa kwamba hayo yatachelewesha utekelezaji. Yatauchelewesha kwa msimu mmoja, pengine miwili. Mpango wa 1950 ulikwenda kwa kasi nzuri kwa miaka mitano, na mabaki ya kasi hiyo yanaonekana mpaka leo katika vilima kadhaa vya mashariki, ngazi zilizomeguka na kuota nyasi. Masika yanapokaribia, na waratibu wa mipango mipya wakiwa wanaandaa orodha za vijiji, ningependa kikao cha kwanza kifanyike Matombo, kwa Kiswahili au kwa Kiluguru, bila ubao, na ajenda yake iwe moja: mambo gani mnataka tusiyafanye.